Kondoo wa Mlimani na Kondoo wa Pwani: Damu, Tumbo na Malisho (Sehemu ya Pili)

Hewa ya mlimani haina oksijeni ya uwiano mdogo kuliko hewa ya pwani, kama inavyodhaniwa mara nyingi, kwani katika mwinuko wa mita 4,000 oksijeni bado ni takriban asilimia 21 ya hewa yote, sawa na ile inayovutwa Forodhani au Kikwajuni, mjini Unguja. Kinachopungua ni kanieneo, yaani nguvu ambayo hewa hugandamiza kila kilichomo ndani yake, na inapofikia karibu asilimia 60 tu ya ile ya usawa wa bahari, kila pumzi humwingizia mnyama oksijeni kidogo zaidi. Kondoo anayeishi huko hana budi kuwa na damu inayoikamata oksijeni hiyo kwa wepesi, na kazi hiyo hufanywa na hemoglobini, protini yenye chuma ambayo huipa damu wekundu wake.

Hemoglobini ya kondoo ina aina mbili kuu zinazorithiwa kutoka kwa wazazi, nazo huitwa A na B. Aina A hushikamana na oksijeni kwa nguvu zaidi, ndiyo maana wataalamu wameikuta kwa wingi katika mbegu nyingi za milimani. Kwa kondoo wa uwanda wa juu wa Tibet, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba sehemu ya jeni ya hemoglobini yao haikutokana na kondoo wa kufugwa hata kidogo, bali waliirithi kwa kuchanganyika na argali, kondoo-mwitu mwenye pembe kubwa aliyekuwa ameizoea milima hiyo muda mrefu kabla ya wafugaji kufika. Kwa njia hiyo kondoo wa kufugwa walipata kwa ndoa moja kile ambacho vinginevyo kingehitaji vizazi vingi mno.

Jambo hili lingeweza kuonekana halimhusu mtu wa Unguja, kisiwa ambacho kilima chake kirefu kabisa, kule Masingini, hakifiki hata mita 150, lau kama damu isingekuwa pia uwanja wa vita na adui mwingine, ambaye ni mnyoo wa tumbo la nne anayeitwa Haemonchus contortus. Mnyoo mmoja aliyekomaa hufyonza takriban mililita 0.05 za damu kwa siku, kwa hiyo kondoo mwenye minyoo 5,000 hupoteza robo lita kila siku, ilhali jike mmoja wa mnyoo hutaga maelfu ya mayai ambayo huanguliwa kwa wepesi penye joto na unyevu. Kondoo mwenye hemoglobini A ana akiba ya pekee, kwani anapopungukiwa damu mwili wake huanza kutengeneza hemoglobini ya tatu, aina C, ambayo kondoo mwenye B pekee hana jeni yake. Tafiti zilizofanywa Kenya katika miaka ya 1970 zilihusisha aina A na ustahimilivu dhidi ya mnyoo huyo, ingawa matokeo ya baadaye hayakuafikiana, na ingekuwa haraka mno kudai kwamba jeni moja ndiyo yenye siri yote.

Ushahidi ulio mzito zaidi ulipatikana katika mwambao huu huu wa Waswahili. Kuanzia mwaka 1991, watafiti wa ILCA, taasisi ya mifugo iliyokuja kuunganishwa na ILRAD ya Nairobi na kuwa ILRI, waliwafuga pamoja huko Diani, kusini mwa Mombasa, kondoo wekundu wa Kimaasai na kondoo wa Dorper, mbegu iliyobuniwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi wa asili ya Somalia. Wanakondoo wa Dorper walikua wakubwa zaidi, lakini walikufa kwa wingi zaidi, ilhali wale wa Kimaasai walikuwa na mayai machache ya minyoo katika kinyesi na damu nzito zaidi, na hesabu ya mwisho ikaonyesha kwamba kundi lao lilizalisha zaidi. Katika miaka hiyohiyo, utafiti kama huo ulifanywa Debre Berhan, Ethiopia, katika mwinuko wa karibu mita 2,800, ambako kondoo wa Menz, wenyeji wa miinuko hiyo, walinusurika zaidi kuliko Horro walioletwa kutoka magharibi mwa nchi. Huko baridi humdhoofisha mnyoo, kwa hiyo mizani ya uhai na kifo haikulalia upande wa minyoo kama ilivyokuwa Diani.

Damu, hata hivyo, haishibishi. Kondoo hawezi kuyeyusha nyuzi za majani kwa nguvu za mwili wake mwenyewe, bali huwategemea bakteria, protozoa na kuvu wanaoishi kwa mabilioni katika tumbo la kwanza, liitwalo rumeni, ambao huchachua majani na kutoa asidi nyepesi za mafuta zinazompatia mnyama sehemu kubwa ya nguvu anazozihitaji. Wamo pia arkea, viumbe vinavyofanana na bakteria kwa umbo lakini si bakteria, ambavyo hutengeneza gesi ya methani, na gesi hiyo inapotoka mdomoni huondoka na nishati ya chakula ambayo mnyama amekwisha kuihangaikia. Mwaka 2016 wanasayansi wa China walieleza kwamba rumeni za kondoo wa Tibet na za yak, ng'ombe wa miinuko hiyo, hutoa methani kidogo na asidi nyingi kuliko za jamaa zao wa nyanda za chini. Wanyama hao wawili ni wa nasaba mbalimbali, lakini ufukara wa malisho na baridi kali umewafikisha kwenye suluhisho moja.

Kwa kisiwa kama Unguja, mfano wa kufaa zaidi ni wa kisiwa kingine. Mlusina, mti unaojulikana vyema Tanzania kwa majani yake yenye protini nyingi, una sumu iitwayo mimosini ambayo humnyonyoa kondoo sufu na mazao yake huvimbisha tezi ya shingo, na huko Australia sumu hiyo iliitesa mifugo kwa miaka mingi. Mtafiti Raymond Jones alitambua kwamba mbuzi wa Hawaii waliula mti huo bila madhara, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijidudu kutoka rumeni za mbuzi wa huko vilihamishiwa katika mifugo ya Australia, nayo ikapata kinga. Bakteria aliyehusika alipewa mwaka 1992 jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Mnyama, basi, hurithi jeni kwa wazazi wake, lakini sehemu ya uwezo wake wa kula huipata kwa wanyama anaoishi nao, na anapohamishwa peke yake huenda akaiacha nyuma.

Mazingira ya Unguja, yenye joto, masika na vuli, yanafanana mno na ya Diani, na kwa mnyoo ni makazi yasiyo na kasoro. Mbung'o waliweza kuangamizwa kisiwani kwa kuachia kutoka angani mamilioni ya madume tasa yaliyolelewa Tanga, hata wa mwisho akanaswa Septemba 1996, lakini hakuna ndege ya kumfuata mnyoo ndani ya tumbo. Dawa zipo, ila zikitumiwa ovyo minyoo huzizoea, jambo ambalo tayari limeshuhudiwa katika nchi nyingi. Lishe yenye protini ya kutosha husaidia, kwa kuwa kinga ya mwili hujengwa kwa protini, na mnyama aliyeshindiliwa maganda ya muhogo matupu hushindwa na idadi ya minyoo ambayo mwenzake aliyeshiba majani ya jamii ya kunde huistahimili.

Mfugaji wa mjini Ng'ambo au wa shamba anayenunua kondoo wa kuchinja Idi Kubwa anaweza kuchagua kwa ukubwa wa umbo, kwani mnyama huyo hatakaa sana. Anayenunua wa kuzalisha asichague hivyo: dume mwekundu wa Kimaasai, au chotara aliye na damu yake kwa wingi, anafaa zaidi kuliko Dorper halisi, hata kama bei ya nyama kwa kichwa itakuwa ndogo. Sehemu ya tatu itaeleza jinsi ya kuukagua utando wa ndani wa kope la kondoo kwa rangi yake ili kujua ni yupi anayehitaji dawa na ni yupi wa kuachwa bila dawa.