Goma: Kwa nini intaneti ya nyumbani ingali inauzwa kwa mega

Ndani ya mji wa Goma, familia nyingi zinanunua intaneti namna zinavyonunua makala: kidogo kidogo, kila siku, kulingana na feza iliyoingia. Asubuhi wanalipa forfe ya siku moja, na kabla jua halijazama mtoto anatangaza kwamba mega zimekwisha. Intaneti ya nyumbani inayolipwa mara moja kwa mwezi, na ambayo watu wote wa nyumba wanatumia bila kuhesabu, ingali kitu cha maofisi, mahoteli, mashirika na watu wachache wenye uwezo.

Jambo hilo lilikuwa zito hata mbele ya vita. Lakini tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, limekuwa zito zaidi. Uwanja wa ndege ulifungwa na mabanki ya biashara yakafunga milango. Biashara, masomo, habari za ndugu waliokimbilia Kampala, Bujumbura ao Nairobi, yote yakategemea simu zaidi kuliko zamani. Siku zile za mapigano, umeme, maji na intaneti vilikatika, na watu wengi walikaa bila kujua nani mzima na nani amekufa. Tangu hapo, kwa mkaaji wa Himbi ao wa Ndosho, mega si mchezo wa vijana tena.

Swali ni hili: kwa nini mji mkubwa kama huu, ulio mpakani kabisa, unalipa intaneti kwa kipimo kidogo namna hii?

Mnara mmoja, watu wengi

Jibu la kwanza liko katika namna intaneti inavyofika nyumbani. Katika miji kama Nairobi, waya wa nyuzi za kioo unaingia mpaka sebuleni. Huko Goma, nyumba nyingi zinategemea mnara wa simu: Vodacom, Airtel ao Orange. Hata modemu ndogo ya wifi iliyowekwa juu ya kabati inatumia SIM na mnara uleule unaotumiwa na simu za jirani.

Mnara una kiasi cha kazi kinachoweza kupita kwa wakati mmoja. Watu wakiwa wengi, kila mmoja anapata sehemu ndogo. Ndiyo maana saa mbili usiku video inasimama, na saa kumi za alfajiri inakimbia. Kampuni inaweka kikomo cha mega ili watu wachache wasimeze kazi yote ya mnara, lakini pia kwa sababu kuuza kidogo kidogo kunaleta faida.

Waya wa nyuzi una hesabu nyingine. Gharama yake kubwa ni kuchimba na kulaza. Ukiisha kulazwa, giga moja zaidi haiongezi gharama nyingi. Ndiyo maana penye waya, kampuni zinauza mwendo, na penye mnara zinauza mega. Na kuchimba ndani ya Goma si kazi ndogo: mji umesimama juu ya mawe ya volkano, na Nyiragongo iliteremsha lava mpaka katikati ya mji mwaka 2002, kisha ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Mwenye kulaza waya hapa anahesabu jiwe, volkano na vita pamoja.

Bahari iko mbali

Jibu la pili ni safari ya intaneti yenyewe. Karibu intaneti yote inayovuka kati ya mabara inapita katika nyaya zilizolala chini ya bahari. Mlango wa Kongo kwenye bahari uko Muanda, ambako waya wa WACS ulianza kazi mwaka 2013. Lakini Goma iko zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Kinshasa, na Muanda iko mbele zaidi upande wa magharibi. Njia fupi kwa Goma ni ya mashariki, kupitia Rwanda ao Uganda mpaka pwani ya Mombasa na Dar es Salaam, ambako nyaya za SEACOM, TEAMS na EASSy zilifika katika miaka ya 2009 na 2010.

Kila mpaka unaovukwa una mwenye njia, na kila mwenye njia anadai chake. Na njia ikiwa moja, hatari pia ni moja. Mwezi wa Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa siku moja, na inchi nyingi za Afrika ya Mashariki zikajikuta na intaneti ya kubahatisha.

Juu ya gharama ya njia kuna kodi. Sheria ya Kongo inatoza TVA ya 16% juu ya huduma, na mawasiliano yana ushuru wake wa pekee. Mnunuzi wa forfe ya franka chache haoni mistari hiyo, lakini anailipa.

Hesabu ambayo muuzaji hasemi

Watu wengi wanaulizwa wachague kati ya "giga nyingi" na "mwendo mkubwa" bila kuelezwa tofauti yake. Hesabu yenyewe si ngumu.

Mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde, ukitumika wote bila kupumzika, unakula giga 4 na nusu kwa saa moja. Maana yake, forfe ya giga 10 inaweza kuisha ndani ya saa mbili na robo. Filamu yenye picha safi katika Netflix inakula karibu giga 3 kwa saa. Ukishusha picha mpaka ya katikati, inakula chini ya giga 1. Kwa hiyo giga 50 ni filamu safi za saa 16, ao za picha ya katikati za saa 70 hivi. Na ikiwa simu nne za nyumba zinajisasisha zenyewe usiku kucha, giga kadhaa zinaweza kwenda bila mtu kufungua kitu chochote.

Neno "bila kikomo" nalo linaficha jambo. Mara nyingi kikomo kipo: ukipita kiasi fulani, intaneti haikatiki, lakini mwendo unashushwa mpaka hata picha ya WhatsApp inachelewa. Safaricom ya Kenya iliweka kanuni ya namna hiyo katika forfe zake za nyumbani mwaka 2019, na wateja wake walilalamika sana.

Majirani wanaonyesha nini

Kenya inaonyesha pia kinachoshusha bei. Kule, Safaricom, Zuku na Faiba wanapigania nyumba zilezile. Mwezi wa Julai 2023 Starlink ikaingia, ikiuza intaneti kutoka mbinguni. Mwaka uliofuata ikaleta forfe ya giga 50 kwa shilingi 1,300 za Kenya. Kwanza Safaricom iliandikia wasimamizi wa mawasiliano ikiomba wafikirie tena namna ya kuzipa ruhusa kampuni za satelaiti. Kisha, Septemba 2024, ikaongeza mwendo bila kuongeza bei: forfe ya shilingi 2,999 ikatoka megabiti 10 mpaka 15, na ile ya 6,299 ikatoka 40 mpaka 80. Waya ulikuwa uleule chini ya ardhi, na mteja alikuwa yuleyule. Kilichogeuka ni kwamba mteja alipata mahali pengine pa kwenda.

Rwanda nayo ilijaribu njia nyingine. Tangu mwaka 2014, kampuni moja, KT Rwanda Networks, ndiyo iliyokuwa na haki ya kujenga 4G, na wengine wananunua kwake. Mtandao ulienea karibu inchi nzima, lakini haki hiyo ya peke yake ikaondolewa, na mwaka 2023 MTN ikaanza 4G yake yenyewe. Mtandao mmoja unaweza kufika mbali, lakini anayekuwa peke yake hana haraka ya kushusha bei.

Kongo na bei ya intaneti: historia yenye kelele

Wakongomani hawakunyamaza. Mwaka 2016, kampuni za simu zilipandisha bei ya mega kwa ghafla, na vijana wakatoa kilio katika miji mbalimbali. Mwezi wa Septemba 2020 ikaja RAM, malipo ya kuandikisha simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa ile ya 3G ao 4G, yakikatwa moja kwa moja katika yunite za mteja. Mtu aliweka yunite ili apige simu, akakuta zimeenda. Baada ya zaidi ya mwaka mmoja wa malalamiko, mpaka ndani ya Bunge, malipo hayo yaliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2022.

Msimamizi wa sekta ni ARPTC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na sheria mpya ya mawasiliano ilitiwa sahihi Novemba 2020. Mwezi wa Machi 2024, ARPTC ilikumbusha kwamba kutumia Starlink bila ruhusa ni kuvunja sheria. Mwezi wa Mei 2025, Starlink ikapewa ruhusa. Lakini ruhusa hiyo ilitoka Kinshasa wakati Goma imekwisha kutoka mikononi mwa Kinshasa. Mteja wa Goma aliyeibiwa mega ao aliyeshushiwa mwendo amebaki kati ya mamlaka mbili.

Kipimo cha haki

Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti iliweka lengo: mpaka mwaka 2025, intaneti ya kuanzia isizidi 2% ya pato la mtu kwa mwezi. Tuseme mtu wa Goma anapata dola 50 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni dola 1. Familia inayotoa nusu dola kila siku kwa mega inatoa dola 15 kwa mwezi, mara kumi na tano ya kipimo hicho. Kwa mwaka ni dola 180. Feza hiyo inaonekana ndogo kwa sababu inatoka kidogo kidogo, kama vile mfuko mdogo wa makala unavyoonekana rahisi kuliko gunia, ingawa mwisho wa mwezi anayenunua mifuko midogo ndiye amelipa zaidi.

Ndiyo maana, mbele ya kulipa forfe yoyote ya nyumbani, maswali manne yanafaa kuulizwa na majibu yaandikwe: Kikomo ni giga ngapi? Kikifika, mwendo unashuka mpaka wapi? Mega zisizotumika zinabaki ao zinapotea? Umeme ao mtandao ukikatika siku tatu, siku hizo zinarudishwa? Nyumba tano ao sita za lupango moja zikiuliza pamoja, na zikiwa tayari kulipa pamoja, muuzaji ana sababu ya kujibu.

Amani ikirudi, watakaoleta waya watakuja, kwa maana mji wenye watu wengi hivi ni soko. Jambo la kuangalia siku hiyo ni kama mlango utafunguliwa kwa wengi, ao kama atapewa mmoja ufunguo, na wakaaji wa Goma waendelee kununua intaneti kwa kipimo cha mfuko mdogo.