Fahamu: Tuzo ya Oscar kwa wanaoruka, kuanguka na kuungua

Aprili 2025 taasisi inayotoa tuzo za Oscar ilitangaza kipengele kipya cha ubunifu wa stanti, yaani matukio ya hatari kwenye filamu. Kitatolewa mara ya kwanza mwaka 2028, kwa filamu za 2027.

Kwa nini sasa?

Madai ni ya miaka mingi. Tuzo za Emmy ziliwatambua waratibu wa stanti tangu 2002, lakini Oscar ilibaki kimya huku filamu zikizidi kuwategemea, hasa zinazotokana na gemu za video. Gemu kama Mortal Kombat ni mapigano matupu. Ukiondoa teke na mweleka hakuna hadithi. Katika filamu ya 1995 iliyotokana na gemu hiyo, Robin Shou aliigiza Liu Kang na pia alisaidia kupanga mapigano.

Na huku kwetu?

Anayetazama sinema Sepuka, Singida, hana haja ya kwenda Hollywood kuona kazi hii ya stanti. Hapa Afrika Mashariki, mtaani Wakaliga jijini Kampala, mwongozaji Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa fedha kiduchu. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu. Damu ilipasuka kutoka kwenye kondomu zilizofichwa ndani ya nguo. Mapigano yenyewe yalichezwa na vijana wa mtaani waliojifunza kung-fu, akiwemo Bruce U.

Ustadi huo unastahili heshima ileile.

Nani atapewa?

Tuzo inalenga ubunifu: namna tukio lilivyopangwa, si ujasiri wa mrukaji mmoja.