KIPURI CHA BREKI: KUINGIA SI KULINGANA

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma kwa gari hupita mji wa Bunda, ambamo imo kata ya Manyamanyama. Huko, kama katika miji mingi yetu, mwenye gari bovu mara nyingi hulitengeneza mwenyewe au kwa msaada wa fundi wa jirani, kwa kipuri kilichopatikana dukani siku hiyo. Wengi hufuata kanuni moja: kikiingia, kinafaa. Kwa breki, kanuni hiyo ni ya hatari. Fizikia ya kidato cha pili yatosha kuonyesha sababu.

Kanuni ya Pascal

Dereva akanyagapo pedali, pistoni ya silinda kuu husukuma mafuta ya breki. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba kanieneo katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Kwa hiyo kanieneo lililozaliwa katika silinda kuu hufika katika silinda ya kila gurudumu, nayo husukuma viatu vya breki vibane ngoma.

Kumbuka kwamba kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo, na eneo la duara hufuata kipeo cha pili cha kipenyo. Hapo ndipo makosa huanzia.

Milimita tatu tu

Tuchukue silinda kuu mbili zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ina kipenyo cha ndani cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05; ya pili ina saba ya nane ya inchi, yaani milimita 22.23. Tofauti ni milimita 3 hivi. Lakini maeneo yake ni milimita mraba 285 na 388: la pili limezidi kwa asilimia 36.

Pistoni ikisukumwa kwa kani ya nyutoni 1000, silinda ndogo hutoa kanieneo la nyutoni 3.5 kwa milimita mraba. Kubwa hutoa 2.6 tu. Ajabu ni kwamba pedali ya silinda kubwa huwa ngumu na haizami sana, hata mwenye gari akafurahi akidhani breki zimepona. Kumbe zimepungua kwa zaidi ya robo.

Gari lililokuwa likisimama katika mita 41 kutoka mwendo wa kilometa 80 kwa saa, sasa kwa kani ileile ya mguu litahitaji mita 56. Katika mita hizo 15 za ziada huenda yupo mtoto avukaye barabara.

Kosa jingine ni kufunga silinda za magurudumu zisizo sawa kushoto na kulia. Upande wenye pistoni kubwa hubana zaidi, na gari huvutwa upande huo.

Jina moja, vipimo viwili

Jina la gari pekee halitoshi. Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 zilijulikana sana nchini. Zile za chasisi fupi ya inchi 88 kwa kawaida zilikuwa na ngoma za inchi 10. Zile za inchi 109, ngoma za inchi 11. Aliyeomba “viatu vya Land Rover” bila kueleza zaidi aliweza kupewa visivyo vyake.

Kabla ya kununua:

1. Soma kitabu cha gari, na uandike namba ya chasisi.
2. Chukua kipuri cha zamani, ukakipime pamoja na kipya kwa kalipa. Angalia pia kama kina namba ya kipimo.
3. Badilisha pande zote mbili za ekseli kwa pamoja.
4. Pima ngoma au diski. Ikiwa imepita kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, usiitumie.
5. Tumia mafuta ya breki ya aina iliyoagizwa. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki.
6. Usipulize vumbi la breki. Bitana nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu.

Jaribio la darasani

Chukua mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, la mililita 5 na la mililita 20. Yaunganishe kwa mpira mwembamba uliojaa maji, pasiwe na hewa. Mwanafunzi mmoja asukume dogo, mwingine azuie kubwa, kisha wabadilishane. Nani anashinda kwa urahisi, na pistoni ipi inakwenda mbali zaidi? Pimeni vipenyo, mkokotoe maeneo, mlinganishe na mlichokihisi mikononi.