Je, Wajua? Nyimbo 5 Kali za Professor Jay

Wabongo wakikutana, hata huku Eagan, kusini mwa Saint Paul, Minnesota, ubishi wa muziki hauchelewi kuanza. Mimi kura yangu ni kwa Professor Jay, na hizi ndizo tano zangu bora alizotoa baada ya kujitegemea.

"Chemsha Bongo" haumo!
Wimbo uliomtangaza Jay, yaani Joseph Haule, si wake peke yake. Ni wa kundi lake, Hard Blasters, kwenye albamu ya Funga Kazi ya mwaka 2000. Mwaka uliofuata tu akatoka kivyake na Machozi, Jasho na Damu, na mbili kati ya hizi tano zimo humo.

5. "Kipi Sijasikia"
Machozi, Jasho na Damu ilipotoka mwaka 2001, Diamond Platnumz alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwaka 2014 yeye na Jay wakatoa pamoja kibao hiki kuhusu maneno ya watu, na mkongwe anachana kwa njaa ya chipukizi.

4. "Nikusaidieje"
Jina la albamu yenye wimbo huu, J.O.S.E.P.H ya mwaka 2006, ni jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi. Kiitikio ni cha Ferooz, ambaye Jay alishashirikiana naye kwenye "Starehe", wimbo uliowafanya vijana wengi waufikirie UKIMWI kwa uzito.

3. "Bongo Dar es Salaam"
Sifa kubwa ya wimbo huu ni kwamba hauisifii Dar! Jay anaimwaga hadharani michezo ya mjini, na P-Funk Majani wa Bongo Records ameuwekea mdundo ambao hadi leo unakuinua kitini.

2. "Zali la Mentali"
Wimbo mzima wa hip hop umegeuzwa hadithi ya mapenzi: kijana asiye na kitu anapendwa na mwanamke mwenye mali. Na kwenye kiitikio ni sauti ya Juma Nature wa Temeke.

1. "Ndio Mzee"
Jay anaigiza mgombea anayeahidi mabomba ya maziwa na wanafunzi kwenda kufanya mafunzo mwezini, huku umati ukiitikia kila ahadi. Ucheshi wake unauma kwa sababu wanaochekwa ni wawili: anayedanganya na anayeitikia. Baadaye akatoa "Siyo Mzee", na safari hii wananchi wakakataa!

Kisha akawa mheshimiwa kweli
Mwaka 2015 aliyemwigiza mwanasiasa muongo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi kupitia CHADEMA. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa "Ndio Mzee" alikuwa na umri wa kidato cha kwanza.

Akina Joseph wawili bungeni
Minnesota imewahi kumchagua mwanamieleka Jesse Ventura kuwa gavana mwaka 1998, na mchekeshaji Al Franken kuwa seneta miaka kumi baadaye. Tanzania nayo, kati ya 2015 na 2020, ilikuwa na wakongwe wawili wa hip hop katika Bunge moja na chama kimoja: Joseph Haule wa Mikumi na Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, wa Mbeya Mjini. Muziki ulioitwa wa wahuni ukaipatia nchi watunga sheria wawili!