Mchagua Jembe na Shamba Lake: Uteuzi wa Programu Nafuu za Kuundia Maumbo ya Vokseli

Utangulizi

Wahenga walilonga kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkejeli mtu anayepoteza msimu akilinganisha mipini ilhali wenzake wameshapanda. Hata hivyo, hakuna mkulima anayenunua jembe kabla ya kuujua udongo wa shamba lake. Kauli hizi mbili zinamhusu mwanafunzi anayetaka kuunda modi, yaani nyongeza au mageuzi yanayotiwa katika mchezo wa tarakilishi na wachezaji wenyewe wala si na kampuni iliyoutunga. Aghalabu swali lake la kwanza huwa: programu ipi ni ya bei nafuu? Makala haya yanafafanua kwa nini swali hilo, ingawa ni la haki kwa mtu anayesoma kwa mkopo, linafaa kuwa la tatu.

Vokseli ni Nini?

Picha kwenye skrini hujengwa kwa pikseli, yaani vidoa vya mraba vyenye urefu na upana. Vokseli ni ndugu ya pikseli aliyeongezewa kina. Ni kijimchemraba chenye rangi yake na mahali pake. Msanii wa vokseli hupanga vijimchemraba hivi kimoja juu ya kingine, jinsi mwashi apangavyo matofali. Mbinu hii si ngeni: mchezo wa helikopta uitwao Comanche: Maximum Overkill, uliotolewa mwaka wa 1992, uliitumia kuchora milima na mabonde.

Wepesi huo una hesabu yake. Umbo lenye vokseli 32 kila upande lina nafasi 32,768. Kila upande ukifanywa 64, nafasi hufika 262,144, yaani mara nane. Upande wa 256 huzaa nafasi zaidi ya milioni 16. Ndiyo maana tarakilishi dhaifu huweza kulemewa na umbo ambalo, kwa macho, limekua maradufu tu.

Swali la Kwanza: Ni Mchezo Upi?

Kila mchezo hupokea faili za miundo fulani na kuzikataa nyingine. Chukua mfano wa Teardown, mchezo wa kampuni ya Tuxedo Labs ya Uswidi, uliotolewa rasmi mwaka wa 2022. Modi zake hutumia maumbo yaliyohifadhiwa kwa muundo wa vox, ambao ndio muundo wa MagicaVoxel, programu isiyolipiwa. Katika mchezo huo vokseli moja ni sentimita 10, hivyo mlango wa mita 2 una kimo cha vokseli 20. Fauka ya hayo, nafasi ya rangi katika paleti ndiyo inayouarifu mchezo iwapo kitu ni kioo, mbao au chuma. Mwanafunzi akizipanga upya rangi kwa ajili ya urembo tu, dirisha lake laweza kukataa kuvunjika kama kioo.

Minecraft nayo ni kisa tofauti. Kwa kuwa ulimwengu wake wote ni wa michemraba, wengi hudhani kwamba programu yoyote ya vokseli itaifaa. Kumbe katika toleo lake la Java, maumbo ya vitu huelezwa kwa masanduku machache yaliyovishwa picha, na maelezo hayo huwekwa katika faili za JSON. Programu inayofaa hapa ni Blockbench, ambayo pia hailipiwi. Atakayechonga upanga katika MagicaVoxel kwa majuma mawili atagundua kuwa faili yake haiingii humo moja kwa moja. Hatakuwa amepoteza hata shilingi moja, lakini majuma yake mawili yatakuwa yamekwenda na maji.

Swali la Pili: Ni Tarakilishi Ipi?

MagicaVoxel hutolewa kwa ajili ya Windows na Mac. Mtumiaji wa Linux hana toleo rasmi. Anayeitumia Linux anaweza kuigeukia Goxel, inayofanya kazi katika mifumo yote mitatu na yenye uwezo wa kuhifadhi umbo kwa muundo wa vox. Blockbench huweza kutumiwa hata ndani ya kivinjari, jambo linalomfaa mwanafunzi anayetegemea tarakilishi za maabara ambazo haruhusiwi kuweka programu mpya.

Swali la Tatu: Ni Gharama Ipi?

Hapa ndipo bei inapopata maana. Zimekuwepo programu za kuuzwa, kama vile Qubicle ya kampuni ya Minddesk, lakini anayeanza anaweza kufika mbali bila kuzinunua. Gharama iliyojificha ni ya mchezo wenyewe: Teardown na Minecraft huuzwa, na mwenye kuunda modi hana budi kuwa na mchezo ili aijaribu kazi yake. Asiye na uwezo huo anaweza kuanzia Luanti, mfumo huria wa michezo ya vokseli ulioitwa Minetest hadi mwaka wa 2024. Modi zake huandikwa kwa lugha ya Lua, na hupokea maumbo ya muundo wa OBJ, ambao Goxel na Blockbench huweza kuutoa. Kwa njia hii modi nzima hukamilika bila programu hata moja kununuliwa.

Leseni na Lugha

Yafaa pia kutofautisha programu ya bure na programu huria. MagicaVoxel ni ya bure, lakini msimbo wake haukuwekwa wazi. Goxel na Blockbench zina leseni ya GPL, inayomruhusu mtu yeyote kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti yale yale. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ruhusa hiyo ina uzito wa pekee, maadamu inampa haki ya kutafsiri kiolesura bila kumpigia mtu magoti. Mwaka wa 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye kiolesura cha Kiswahili, kwa kutumia haki ya namna hiyo. Luanti nayo imewahi kuingiziwa faili za tafsiri ya Kiswahili.

Kazi iliyosalia si haba. Tendo la kuuvuta uso wa umbo ili utokeze nje, kwa mfano, hufanywa kila siku na wasanii hawa, ilhali halina jina moja la Kiswahili lililokubalika. Istilahi kama hizo haziwezi kubuniwa vyema na mtu ambaye hajawahi kulitenda tendo lenyewe.

Hitimisho

Imebainika kwamba mchezo hutangulia, tarakilishi hufuata, kisha bei. Anayeyajibu maswali haya kwa utaratibu huo atamaliza uteuzi wake kwa alasiri moja, na msimu uliobaki utakuwa wa kupanda. Akiteua programu huria, atakuwa pia amejipatia shamba la pili, la istilahi, ambalo bado lina wakulima wachache.