IONI IKIPITA, ELEKTRONI HUENDA WAPI?

Mwanafunzi mwenzangu, najua ukisikia neno "ioni" akili yako hukimbilia maabara ya kemia, kwenye chumvi iliyoyeyushwa majini. Lakini ziko ioni nyingine ambazo hazikai ndani ya chupa zikingojea mtihani. Hizi huharakishwa kwa mitambo mikubwa mikubwa, kisha zikaelekezwa ndani ya mwili wa mgonjwa wa saratani. Mwaka wa 1946 Mmarekani Robert Wilson alipendekeza protoni zitumiwe kwa tiba hiyo, na mwaka wa 1954 wagonjwa wa kwanza wakatibiwa huko Berkeley, California. Wajapani nao walianza kutumia ioni za kaboni katika kituo cha Chiba mwaka wa 1994.

Kwani eksirei zina ubaya gani? Ubaya wake ni kwamba huchoma njia nzima, zikiingia na zikitoka. Ioni hutoa nishati kidogo mwanzoni, na ikikaribia kusimama ndipo huitoa kwa wingi. William Bragg aliligundua jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hivyo uvimbe ulio karibu na ubongo waweza kuchomwa na ubongo ukasalimika. Lakini hesabu ikipotoka kwa milimita chache tu, atakayeumia ni mshipa wa fahamu wa jicho. Hapo si mchezo tena!

Sasa tuingie ndani ya seli. Shabaha kubwa ni DNA, ile molekuli inayobeba urithi wetu. Ioni ikipita karibu nayo, chaji yake chanya huvuta elektroni za DNA, na nyingine hung'oka. Hung'oka kwa njia mbili. Hebu fikiria lori likipita barabarani. Likienda polepole, kijana anayekimbia kando yake aweza kulidandia akaenda nalo. Likipita kwa kasi mno, hakuna wa kulidandia, ila kofia zitapeperuka. Ndivyo ilivyo kwa ioni: ikiwa na mwendo wa chini huiba elektroni ikaenda nayo, ikiwa na kasi huirusha tu pembeni. Mpaka baina ya hali hizi hauko mbali na kasi ya elektroni yenyewe. Katika atomi ya haidrojeni kasi hiyo ni kama kilomita 2,200 kwa sekunde!

Je, wataalamu huhesabuje kitu wasichokiona? Wengi hutumia mbinu ambayo Abrines na Percival waliieleza mwaka wa 1966. Chukua mfano wa watoto wanaopopoa maembe wakiwa wamefungwa macho. Wakirusha mawe 1,000 ovyo ovyo katika eneo la mita 100 za mraba, na mawe 7 yakaangusha embe, basi shabaha ni kama mita 0.7 za mraba. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Huiweka elektroni mahali popote kwenye mzunguko wake kwa bahati nasibu, huirusha ioni, kisha hufuata sheria za Newton na za Coulomb hatua kwa hatua. Mwishowe huuliza: elektroni imebaki nyumbani, imeibwa, au imetoroka? Kisha huanza upya, mara maelfu kwa maelfu.

Kazi ngumu ni kwamba DNA si atomi moja. Adenini pekee ina elektroni 70. Hata hivyo 20 kati ya hizo zimejificha karibu na viini vya kaboni na naitrojeni, na kuzing'oa kwahitaji mamia ya elektroni-volti. Zile 50 za nje ndizo hutoka kwa urahisi; ya kwanza huhitaji kama 8 tu. Gwanini ndiyo dhaifu kuliko zote nne, huachilia yake upesi zaidi. Wengine hurahisisha mambo kwa kujumlisha shabaha za atomi moja moja. Mimi naiona njia hiyo nzuri kwa ioni za kasi, ila kwa za polepole yazidisha hesabu, maana atomi husimama moja mbele ya nyingine kama watu kwenye foleni.

Na chaji je? Kwa kasi kubwa, shabaha hukua kwa kipeo cha pili cha chaji: kaboni yenye chaji 6 hung'oa mara 36 kuliko protoni ya kasi ile ile. Ikipunguza mwendo, kanuni hiyo huvunjika. Sababu ni rahisi: elektroni iliyokwisha kung'olewa haing'oleki tena, hata ioni ikiwa na nguvu namna gani.

Lakini usidhani elektroni iliyorushwa imekwisha kazi, ati. Mwaka wa 2000 watafiti wa Sherbrooke, Kanada, walionyesha kwamba hata elektroni dhaifu, zenye chini ya elektroni-volti 20, huvunja nyuzi za DNA. Tangu hapo haitoshi kuhesabu ni ngapi zimeng'olewa. Ni lazima hesabu iseme pia kila moja iliondoka na nishati kiasi gani, na ikaelekea upande upi.