Roketi Juu ya Lori: Umbali, Shabaha na Taarifa katika Vita vya Beni na Butembo

Silaha ya roketi inayobebwa na lori ni ya ukoo wa mizinga, yaani silaha za kupiga mbali zinazomfikia adui ambaye mpigaji hamwoni kwa macho, lakini inatofautiana na mzinga wa kawaida kwa jambo moja la msingi. Mzinga husukuma kombora lake kwa baruti inayolipuka ndani ya mtutu, hivyo mtutu wenyewe hauna budi kuwa mnene na mzito, ilhali roketi hubeba baruti yake mwilini na kujisukuma yenyewe hadi baruti hiyo iishe. Kwa kuwa hakuna kishindo kikubwa kinachorudi nyuma, bomba la kurushia roketi laweza kuwa jepesi, na mabomba mengi yakapangwa pamoja mgongoni mwa lori moja. Wepesi huo ndio ulioieneza silaha hii barani Afrika, na ndio pia chanzo cha kasoro yake kubwa, maana roketi isiyoongozwa haina kitu cha kuirudisha njiani pindi upepo unapoiyumbisha.

Aina inayojulikana zaidi ni BM-21, maarufu kwa jina la Grad, iliyobuniwa katika Umoja wa Kisovieti na kuingizwa jeshini mwaka 1963. Lori lake hubeba mabomba 40 ya chuma yenye upana wa milimita 122, na ndani ya kila bomba mna mfuo uliopinda ambao huishika roketi na kuizungusha kidogo inapotoka. Mara inapouacha mdomo wa bomba, mapezi yaliyokunjwa mkiani hufunguka na kuendeleza mzunguko huo ili roketi isipinduke hewani. Roketi moja ina urefu wa karibu mita 3 na uzito wa kilo zipatazo 66, na kati ya hizo ni kilo 20 hivi tu zilizo za kichwa chenye mlipuko, kwani sehemu kubwa ya mwili wake ni baruti ya msukumo. Zote 40 huweza kutoka katika muda wa sekunde 20 na kufika umbali wa kilomita 20. Kabla ya kurusha, mkuu wa mtambo hutazama majedwali yanayomwonyesha jinsi ya kurekebisha mwinuko wa mabomba kulingana na upepo, joto la baruti na uzito wa hewa, kwa sababu roketi inayorushwa katika milima ya Butembo, mashariki mwa Kongo, ambako hewa ni nyepesi, huenda mbali kuliko ile inayorushwa katika bonde la Semuliki. Hata akikokotoa vema kiasi gani, roketi hizo 40 hutawanyika juu ya eneo lenye upana wa mamia ya mita, na hakuna awezaye kusema ni ipi itaangukia wapi.

Eneo hili la Afrika limeijua silaha hiyo kwa muda mrefu. Tarehe 10 Novemba 1975, askari wa Zaire waliokuwa wakisonga kuelekea Luanda pamoja na wapiganaji wa FNLA wa Holden Roberto walikutana na roketi za milimita 122 za Wakuba huko Quifangondo, nchini Angola, na safu yao ikavunjika. Miaka mitatu baadaye, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Tanzania ilizipeleka roketi za namna hiyo mpakani, na askari wa Uganda waliozipa jina la Saba Saba walizihofu kiasi kwamba mara nyingine waliacha ngome zao kabla askari wa miguu wa Tanzania hawajawafikia. Katika visa hivyo viwili adui alikuwa jeshi lililopangwa barabarani au kwenye mahandaki, mahali panapojulikana, na kutawanyika kwa roketi hakukuwa hasara kwa mpigaji kwa sababu shabaha yenyewe ilikuwa imetawanyika. Silaha za kupiga mbali zikielekezwa penye watu, hesabu hugeuka. Kisangani, Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji, na inakadiriwa kuwa makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mitaa ya watu, mamia ya raia wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika.

Kasoro hiyo ya kutawanyika ndiyo waliyoishughulikia wabunifu wa roketi zinazoongozwa. Mtambo unaotajwa sana ni HIMARS wa Marekani, ulioanza kutumika katika jeshi la nchi hiyo mwaka 2005, ambao hubeba roketi 6 badala ya 40. Kila roketi, yenye upana wa milimita 227 na kichwa cha kilo zipatazo 90, ina kipokezi cha GPS kinachosoma mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti, vihisio vya ndani vinavyopima kila mabadiliko ya mwendo wake, na mapezi madogo karibu na pua yanayopinda kidogo kidogo kuirudisha kwenye njia iliyopangiwa. Matokeo yake ni kwamba roketi inayokwenda zaidi ya kilomita 70 huanguka ndani ya mita chache kutoka mahali ilipotumwa. Askari watatu hulitosha lori lote: hufika, hurusha, huondoka kabla adui hajatambua moto umetoka wapi, kisha hupakia kasha jipya la roketi kwa winchi ya lori lenyewe. Ukraine, iliyopokea mitambo hiyo mwezi Juni 2022, iliitumia kuteketeza maghala ya risasi na kulitoboa daraja la Antonivka juu ya mto Dnipro, na Novemba mwaka huohuo majeshi ya Urusi yaliuacha mji wa Kherson, kwa sehemu kwa sababu hayakuweza tena kupeleka chakula na risasi ng'ambo ya mto.

Umbali huo ni rahisi kuupima kwa barabara zinazojulikana na wenyeji. Grad iliyosimama Beni mjini ingefika Mbau na kukomea karibu na hapo, ilhali roketi ya kilomita 70 ingepita Oicha na kuivuka Eringeti. Ikirushwa kutoka Lubero, ya kwanza haiufikii mji wa Butembo. Ya pili inaufikia na kuupita. Lakini umbali peke yake hausemi chochote kuhusu faida ya silaha, kwa kuwa roketi inayoongozwa haitafuti adui. Huenda tu mahali palipoandikwa, na aliyeandika mahali hapo huenda alielezwa kweli, huenda alikosea, huenda alidanganywa.

Hapo ndipo vita vya Beni vinapotofautiana na vile vya Ukraine, na ndipo wanaosifu mitambo hii wanapopaswa kusikiliza zaidi. Kundi la waasi la ADF, ambalo tangu Oktoba 2014 limeua raia kwa wingi katika vijiji vya Beni, mara nyingi kwa mapanga na usiku, halina madaraja wala maghala makubwa ya kulinda. Huishi katika kambi ndogo chini ya miti mikubwa, huhama mara kwa mara, na huwa na mateka, wakiwamo wanawake na watoto waliotekwa mashambani walikokwenda kuvuna kakao. Tarehe 30 Novemba 2021, Uganda na Kongo zilipoanzisha operesheni iliyoitwa Shujaa, zilianza kwa mashambulizi ya ndege na mizinga dhidi ya kambi kama Kambi ya Yua, na baadaye wanajeshi wa miguu wakaingia na kuiteka kambi hiyo. Kambi ziliharibiwa, hilo ni kweli, lakini wapiganaji walionusurika walijigawa katika makundi madogo, wengine wakaelekea Mambasa, na katika miaka iliyofuata mauaji yakafika hadi Bapere katika wilaya ya Lubero, ambako watu walikuwa na amani kiasi. Silaha ya kupiga mbali humtoa adui alipo. Haimzuii kwenda kwingine pasipo na askari wa miguu wa kumfuata, na mzigo wa safari yake huwaangukia wakulima wa huko aendako.

Taarifa za kumpata adui wa aina hiyo hutoka kwa droni, kwa askari wa doria, na zaidi ya yote kwa wakulima na wawindaji wanaozijua njia za msitu, ambao hawatasema kitu ikiwa wanaogopa kuitwa washirika wa waasi au kulipiziwa kisasi usiku unaofuata. Tena adui huyo si lazima awe mbali: kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki, kwenye barabara ya Mbau hadi Kamango, ilishambuliwa tarehe 7 Desemba 2017 na wanajeshi 15 wa Tanzania wakauawa; adui alikuja mwenyewe hadi langoni, gizani, kwa karibu sana, na katika mapigano ya namna hiyo roketi ya kilomita 70 haina kazi.

Upande wa kusini hali ni nyingine. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 na kusonga ndani ya wilaya ya Lubero, pamekuwapo mstari wa mbele unaofanana zaidi na vita vya majeshi, wenye vilima vinavyoshikiliwa, barabara kuu moja na silaha nzito kila upande. Na baada ya Goma, makao makuu ya jimbo, kuanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Katika vita vya namna hiyo roketi sahihi ingekuwa na maana ya kijeshi, ila ndipo pia hatari kwa raia inapokuwa kubwa, kwa sababu waliokimbia vita hujikusanya kando ya barabara zilezile na wapiganaji huweka mizinga yao karibu nao. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yaliangukia kambi za waliokimbia vita kando ya Goma, upande wa Mugunga, yakaua watu zaidi ya kumi, wengi wao watoto. Marekani ilisema yalitoka kwenye ngome za jeshi la Rwanda na M23, Rwanda ikakanusha, na watetezi wa haki za binadamu wakalilaumu pia jeshi la Kongo kwa kuweka silaha zake jirani na kambi. Sheria ya vita inamlazimu kila mpigaji kutofautisha raia na askari, na inamlazimu vilevile asiweke mtambo wake penye raia, kwa sababu adui akijibu huelekeza moto pale moto ulikotoka. Usahihi wa roketi haumwondolei mtu wajibu huo wa pili.

Usahihi wenyewe nao unaweza kuvurugwa. Mawimbi ya setilaiti hufika ardhini yakiwa dhaifu sana, na mtambo wa redio wenye nguvu ya wastani waweza kuyafunika au kutuma mawimbi ya uongo yanayoonyesha mahali pasipo pake. Huko Ukraine baadhi ya roketi zilizoongozwa zilipoteza shabaha kwa njia hiyo. Mwaka 2024 serikali ya Kongo ililalamika hadharani kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa katika maeneo ya Goma, Kibumba, Kanyabayonga, Butembo na Beni, ikailaumu Rwanda, na wa kwanza kuhatarishwa walikuwa marubani wa ndege za abiria na za misaada zinazotua kwenye viwanja vya milimani.

Roketi nyingine hazilipuki zinapoanguka. Hujizika kwenye udongo laini wa mashamba ya mihogo na viazi, na mara nyingi mkia peke yake hubaki nje, chuma chenye mapezi ambacho mtoto anaweza kukidhania kitu cha kuuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kichwa chake bado ni kizima, na kizuizi cha mlipuko kilichoondoka wakati wa kuruka hakirudi tena. Anayerudi shambani katika vijiji vya Lubero akakiona chuma cha namna hiyo asikiguse wala asikitupie jiwe. Arudi kwa njia ileile aliyojia, aweke alama inayoonekana kutoka mbali, awazuie watoto, na ampelekee habari mkuu wa kijiji ili wataalamu wa kutegua mabomu, wakiwamo wale wa UNMAS wa Umoja wa Mataifa, waitwe kukiondoa.